Baba Amehamishwa

Walipotangaza kwamba baba amehamishwa, mama alicheka. Alicheka mbele ya watu, kanga mdomoni, mpaka mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Silasi, akaangalia pembeni.

"Masatu ahamishwe?" mama akasema. "Kwani alikuwaga mwalimu?"

Maana kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mugango, neno hilo tulilijua kwa watumishi tu. Mwalimu akimpa mwanafunzi mimba, anahamishwa. Bwana shamba akiuza mbegu za wakulima, anahamishwa. Haulizwi kitu, anapakiwa kwenye gari na godoro lake, na huko aendako wanampokea kwa chai. Sasa serikali ilikuwa imeanza kuhamisha na wafu.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kiongozi akifungua mdomo ni mwekezaji, mwekezaji. Sangara walikuwa wamepanda bei, na ufukwe wetu ukapewa mtu wa kujenga kiwanda cha minofu. Makaburi yetu yalikuwa hapo hapo, kwenye miji ya wazee wetu, yaani nyua za nyumba zao. Tukaahidiwa yatapelekwa mlimani kwa heshima zote. Siku ya kazi yenyewe tuliitwa wote mkutanoni Mugango, tukahutubiwa mpaka jua likapoa, na tuliporudi misalaba ilikuwa imesimama mlimani juu ya vichuguu vya udongo mpya. Hakuna ndugu aliyeona hata mfupa. Na kwetu mtu hafukuliwi bila watu wake kusimama pale na kumweleza anapelekwa wapi, hata kama alikufa Mkristo safi.

Kiwanda chenyewe hakikujengwa. Walimwaga zege, wakazungusha waya, halafu mwekezaji akapotea. Ikabaki sakafu pana nyeupe kando ya ziwa, haina hata ufa, na mlinzi wa kulinda sijui nini.

Mama hakuukubali mlima. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa akipita kwa baba kumpa habari za wiki, ng'ombe aliyezaa, mjukuu aliyeota jino. Kule mlimani alijaribu mara moja tu, akanyamaza katikati ya sentensi.

"Hyasinta," akaniambia, "hapa hakuna mtu. Naongea na udongo."

Tukawa tunashuka mpaka kwenye waya. Mchana kweupe, jua linawaka, nami nilimsikia baba akikohoa chini ya lile zege. Kikohozi chake kile kile cha tumbaku, kinaanza polepole na kuishia na mguno. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Niliogopa. Tuliporudi Jumapili iliyofuata nikakisikia tena, niliogopa zaidi, kwa sababu sasa sikuweza kusema ni upepo.

Halafu mama akaugua, ugonjwa ule ambao hata daktari anazungumza na wewe nje ya mlango.

"Msije mkanizika mlimani," akasema. "Mke analazwa ubavuni kwa mume wake. Nenda kawaulize Masatu walimweka wapi. Nataka nijue kabla sijafumba macho."

Nikaenda Musoma. Ofisini nilimkuta karani anapunga jalada usoni kwa joto. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema aliyesimamia mambo ya makaburi ni Bwana Clementi, na Bwana Clementi amehamishwa, yuko Bunda.

"Wewe huwezi kunijibu?"

"Mama, hilo si la dawati hili."

Nikapanda lori lililokuwa linafuata pamba Bunda. Bunda nao wakaniambia amehamishwa tena, siku hizi yuko Butiama. Yaani nilikuwa nimeshampita njiani! Nilikaa kwenye ngazi za ofisi yao nikawatukana kwa Kijita, lugha nzuri sana kwa kazi hiyo.

Butiama nilimkuta nyumbani kwake, anamwagilia kabichi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa mtu mpole, amekonda, macho mekundu. Alinipa kiti, akaniita dada. Nilipotaja kijiji, akaweka ndoo chini.

"Dada, sitakudanganya," akasema. "Tulihamisha misalaba."

"Na watu?"

"Mbao za masanduku hazikufika. Vibarua hawakuja. Na amri ilisema mpaka wiki ile iishe, makaburi yawe yamehamishwa. Nikatoa taarifa kwamba yamehamishwa. Wakubwa wakashukuru." Akatazama nyuma ya nyumba. "Baba yako, alikuwa mtu wa kukohoa?"

Sikuwa nimemwambia habari ya kikohozi.

"Kuna mzee anakohoaga hapo nyuma," akasema. "Nilipokuwa Bunda alikuwa anakohoa dirishani. Nikaomba uhamisho, nikapewa, na yeye akaja."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia kumshika mkono. Sikufanya hata kimoja, nikainuka, nikamwambia mama yangu anaumwa, na siku tutakapomzika yeye Clementi aje atuonyeshe mahali.

Nilipomweleza mama, alifunga macho akatabasamu. "Nilisema mimi," akanong'ona. "Basi mnipeleke kwa mume wangu." Alikufa kabla ya kuvuna mtama.

Asubuhi ya mazishi watu walishuka ziwani na jeneza, wanaume wamebeba mitarimbo. Mlinzi alipoona umati ule alifungua geti mwenyewe. Silasi akasimama mbele, mikono juu.

"Ndugu zangu, eneo hili ni la mwekezaji!"

"Mlete tumsalimie," akajibu Burito, jirani yetu mzee, ambaye mama yake naye alizikwa pale. Silasi akapisha.

Clementi alikuja. Nilikuwa nimempelekea habari, sikutegemea, lakini alikuja, amevaa suti ya kaunda. Akapanda kwenye zege, akatembea, akasimama, akarudi nyuma, akatazama ziwa, akatazama kanisa. Kila kitu alichokuwa anakikumbuka kilikuwa kimeng'olewa, uzio wa minyaa, majiwe, ule mparachichi wetu. Sisi wenyewe tulikuwa tunabishana mji wa nani uliishia wapi.

"Nafikiri ni hapa," akasema.

Wakavunja. Chini ya zege udongo ulikuwa mweusi na laini, na walipofika kina cha kiuno mtarimbo ukagonga ubao uliooza. Wakapangusa kwa mikono. Kulikuwa na mifupa na kipande cha shuka. Wanawake wakaanza kulia, nami nikapiga magoti kuita, "Baba!"

Burito naye alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa shimo. Alinyoosha mkono, hakugusa.

"Hyasinta," akasema taratibu, "anaweza kuwa mama yangu huyu."

Tukamgeukia Clementi. Alikuwa analia, anatikisa kichwa. Hakujua. Watu waliokuwa pale wote, na serikali yao yote, hakuna aliyejua.

Jua lilikuwa linapanda na jeneza lilikuwa linasubiri. Tukamlaza mama ubavuni kwa mtu yule, Burito akashika kamba upande mmoja na mimi upande mwingine, na padri aliponiuliza amtaje nani pamoja na mama yangu Dorkas katika sala, nilimtazama Burito, nikamwambia padri aseme tu, na huyu aliyelala hapa.