Punje ya Kahawa ya Ma Kokugonza

Usijifanye hukuona. Siku ya Jumanne, Ma Kokugonza alipopita mbele ya duka lako huko Nyanga, kiatu kimoja mkononi, kisigino kinavuja damu, uliinama ukapanga sabuni. Nilikuwapo, nilikuona.

Alinisimulia mwenyewe. Alitoka Muleba kwa Gozbert, mtoto wa marehemu kaka yake. Miaka mitatu iliyopita alimkopesha laki tisa, hela ya kahawa yake, anunue pikipiki. Pikipiki ipo, hela haipo. Na Ma Kokugonza anaitaka akatibiwe jicho, limekuwa jekundu na haoni vizuri.

Gozbert alimpokea vizuri mno. Akamkalisha, akamletea kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea kila mgeni.

"Tafuna, shangazi. Au unadhani nimekuwekea sumu?"

Wakacheka wote. Lakini neno lile lilishamwingia. Gozbert alipogeuka, akaifunga punje kwenye pindo la kitenge. Kosa lake lote ni hilo: mama wa miaka sabini na moja aliogopa.

Violeth, mke wa Gozbert, alimwona. "Hatafuni! Anaficha!"

"Fungua kitenge, shangazi." Punje ikadondoka. Gozbert akapaza sauti hadi barabarani. "Majirani, mmeona? Mwanangu ana homa wiki ya pili, kumbe huyu anabeba vitu vya nyumbani kwangu!"

"Gozbert, mimi nilikubeba mgongoni."

"Kumbe ndipo ulipoanza kuniloga!"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Jiwe la kwanza likampata kisiginoni.

Leo asubuhi vijana wawili wa pikipiki wamefika Nyanga wanamuulizia bibi wa jicho jekundu. Mwenyewe amekuchungulia dirishani ukiwaonyesha nyumba yake kwa kidole. Hukuwauliza hata wanamtakia nini.

Mimi sisahau. Agnetha wa Bilele naye aliitwa mchawi na mtu aliyekopa hela zake. Miaka kumi na minne sasa. Siku zile pia ulikuwa hujui kitu. Msibani kwake ndiyo ukabeba viti, ukalia kuliko wafiwa.

Sasa ni saa kumi jioni. Ma Kokugonza amejifungia, ameegemeza kinu mlangoni, ananipigia simu kwa kunong'ona. Anasema pikipiki zimerudi, zimesimama migombani, zimezimwa. Mimi niko Kemondo, sina usafiri.

Wewe uko hatua mia mbili kutoka kwake. Piga simu polisi. Mwite mwenyekiti wa mtaa, waite majirani, nendeni mkasimame mlangoni kwake. Acha kusoma. Funga duka, nenda!