Kiti cha Turubai

Kwenye mashua ile ya matanga alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kufika kwenye ncha ya mlingoti, na huyo ndiye ambaye hakuulizwa ipelekwe wapi kutengenezwa.

Waliokuwa wakimjua walimwita Mama Sindano, maana tangu ujanani kazi yake ilikuwa kushona vitu vinavyopigwa na upepo: maturubai, mahema, na baadaye matanga. Mumewe aliitwa Nahodha. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliyostaafu kazi ya bima, na kwa kuwa alilirudia kila mahali bila kuona haya, watu wakalizoea. Waliuza nyumba, wakanunua mashua, wakaanza kuzunguka bandari moja hadi nyingine. Sasa walikuwa wamefika ugenini, mahali pa mwisho penye mafundi kabla ya kuvuka bahari kuu. Nyaya zinazoshikilia mlingoti zilikuwa zimechoka na ilibidi zibadilishwe zote. Waya ukikatika huko mbali, mlingoti unakuja chini pamoja na matanga yake, na yeyote aliyeko juu yake anakuja nao.

Ndiyo maana Mama Sindano hakuichukulia kazi ya kutafuta karakana kama mchezo. Alipiga simu huku na huku, na kila aliyepokea alimuuliza swali moja tu: mkimaliza kufunga nyaya mpya, nani anapanda juu kwanza? Wengine walicheka. Wengine walimsomea tangazo lao neno kwa neno. Kwenye karakana moja tu, nyuma ya kiwanda cha saruji, mtu alimjibu huku anatafuna kitu na mbwa wanabweka. "Anapanda aliyezifunga," alisema. "Akishuka unapanda wewe uone mwenyewe. Kwani huko mlikotoka inakuwaje?" Mama Sindano alipokata simu alikuwa ameshaamua.

Alitoka kwenda kumwambia mumewe, akamkuta amekaa karibu na usukani na mdogo wake. Huyu shemeji alikuwa amehamia nchi hiyo zamani, akiuza mapazia ya hoteli, na alikuwa na rafiki mwenye karakana. Aliisifia mpaka povu likamtoka. Sakafu yake unaweza kulia wali bila sahani. Kuna mashine ya kahawa, kuna viti vya ngozi, na mwenye mashua hashiki hata bisibisi, anafanyiwa kila kitu.

"Nimeshawaambia tunakuja," Nahodha alisema.

"Mimi nimepata pengine."

"Pale kwenye saruji? Shemeji yako anasema pale wanakwenda walioishiwa."

"Hao wa kwenu umewauliza nani anapanda?"

Nahodha alicheka, akimtazama mdogo wake. "Mke wangu, wale watu wana vyeti ukuta mzima. Mdogo wangu ni mwenyeji hapa. Unataka nimwaibishe mbele ya rafiki yake?"

Shemeji akadakia kwa sauti tamu. "Shemeji, wewe pumzika. Mambo ya vyuma tuachie sisi."

Mama Sindano alirudi chini akaosha vikombe vilivyokuwa visafi. Mambo ya vyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akipandishwa juu kila taa ilipokufa, kila kamba iliponasa. Mwaka wa kwanza Nahodha alisema kwamba mwepesi ndiye apande na mwenye nguvu azungushe winchi ya kuvutia kamba, na jambo lilisikika la haki, basi akajishonea kiti cha turubai cha kuning'inia, akakipima kwa kiuno chake mwenyewe. Tangu hapo mume alimchunga asinenepe. Kwenye karamu za wenye mashua alimwondolea kipande cha pili cha keki, akiwaambia watu, "Huyu akizidi atanivunja mgongo," nao wakacheka, na yeye akacheka nao. Kumpandisha alimpandisha vizuri. Kumshusha ilikuwa habari nyingine. Alikuwa akimwachia kwa vishindo, huku anapiga domo na jirani wa mashua ya pili, na mara moja walipokuwa baharini alimbamiza kwenye mlingoti hadi goti likawa bluu. Akaulizwa, "Umeona lakini tatizo ni nini?" Kuhusu goti hakuulizwa.

Mashua ikapelekwa kwenye sakafu inayong'aa. Wenyewe wakapanga chumba mtaa wa juu, na kila asubuhi Mama Sindano aliteremka hadi getini. Mlinzi alimwambia kwa adabu kwamba wateja hukaa kwenye ukumbi wa vioo. Akakaa kwenye kiti cha ngozi. Kupitia kioo aliona mashua yake imevuliwa nguo, mlingoti umelazwa kwenye stendi mbali, na vijana wenye sare wanapita bila kuutazama. Siku moja alijaribu kupenya na kahawa yake mkononi. Alirudishwa, na kahawa akabadilishiwa, eti ile imepoa. Alikuwa na hasira kiasi kwamba aliinywa yote.

Hatimaye mashua ikashushwa majini na kufungwa gatini. Meneja akaja, shati jeupe, kishikwambi mkononi, na nyuma yake shemeji amejaa tabasamu kana kwamba nyaya amezisokota yeye. Meneja alimvisha Nahodha kilemba cha ukoka: mashua gani hii, utunzaji gani huu, kumbe kuna mabaharia wa kweli bado. Nahodha akavimba. Kilichobaki, Meneja alisema, ni sahihi ya kupokea kazi, hapa kwa kidole tu.

"Nani amepanda?" Mama Sindano aliuliza.

Meneja hakuelewa, akaulizwa tena polepole.

"Mama, sisi hatupandishi watu," alisema. "Mlingoti tunaufunga ukiwa umelala, kisha kreni inausimamisha. Ni teknolojia ya kisasa."

"Ukishasimama, nyaya mnazikaza?"

"Bila shaka."

"Na baada ya kukaza, huko juu amekwenda kuangalia nani?"

Meneja alimtazama Nahodha, wanaume wanavyotazamana wanapoomba msaada dhidi ya mke wa mtu. Nahodha akaupokea ujumbe.

"Basi, mke wangu, kama moyo wako hautatulia, lete kile kiti chako. Nitakuvuta mara moja uangalie, tumalize."

Alisema kwa upole kabisa. Hata mkono alishaunyoosha kuelekea kwenye winchi. Mama Sindano alimwangalia yule mtu aliyekula naye, akalala naye, akauza naye nyumba, na damu ikamchemka hadi masikio yakavuma.

"Sipandi," alisema. "Karakana umechagua wewe. Shemeji amekushauri. Huyu amefanya kazi. Watatu wote mko hapa na hakuna aliyenifikiria, ila ikifika zamu ya kuning'inia kwenye huo waya ndipo jina langu mnalikumbuka. Leo apande mwenye kuchagua."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu gani? Kazi si ni ya uhakika? Panda. Usipopanda, bahari kuu utavuka na mdogo wako, mimi nashuka na cherehani yangu."

Shemeji aligeuka akaanza kusoma kibao cha kuzuia uvuvi. Nahodha alijua kuwa mkewe hatanii, maana hakuwa amepaza sauti. Akatafuta upenyo.

"Kiti chenyewe hakinitoshi. Kimeshonwa kwa kiuno chako."

"Haya," Mama Sindano alisema. "Ngoja."

Akashuka chini, akatoa cherehani ya mkono, akakifumua kiti mishono yote miwili ya pembeni. Uzi ulikuwa mgumu, ameushona yeye miaka ile kwa kuogopa kufa, na sasa aliukata kwa wembe, tundu kwa tundu. Akaongeza pande mbili za turubai nzito, akazungusha mkono wa cherehani kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Kila keki aliyonyimwa aliipitisha chini ya ile sindano. Hata hivyo mshono ulinyooka, na kwenye pembe alirudia mara mbili, kisha akarudia tena. Hasira zake zote hazikumfikisha mahali pa kumshonea mtu kitu kibovu, na jambo hilo nalo lilimkasirisha.

Alipotoka nacho walikuwa bado wamesimama palepale, hakuna aliyepata pa kukimbilia. Nahodha alivaa. Kilimkaa sawasawa. Mama Sindano alikifunga kwenye kamba ya kupandishia tanga kuu, akafunga na kamba ya pili ya akiba, akavuta zote mbili kujaribu, kisha akaanza kuzungusha winchi.

Mtu alikuwa mzito. Nusu ya safari Nahodha aliukumbatia mlingoti akafumba macho.

"Inatosha. Hapa naona vizuri."

"Unaona kope zako. Achia nikuvute."

Akaachia, akavutwa mpaka ncha. Watu wa mashua za jirani walianza kutokeza vichwa. Mama Sindano alifunga kamba kwenye winchi, akainua uso.

"Tazama waya wa mbele unapoingia kwenye mlingoti. Usishike. Niambie unaona nini."

Sauti ilipoteremka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kuna pini nene. Imetoka nusu."

"Na kile kipande kinachopenya kwenye pini kuizuia isichomoke?"

"Hakipo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Kuna tundu tupu."

Meneja alipapasa kishikwambi chake kana kwamba kipande kile kingetokea humo. "Itakuwa kilisahaulika," alisema.

"Nani alikisahau?"

Pale kazi ilikuwa haina mwenyewe. Shemeji alisema kidogo kidogo kwamba bahati mbaya hutokea popote. Mama Sindano alimtolea macho mpaka akamaliza maneno.

"Ungekuwa wewe hapa," Nahodha alisema kutoka juu. "Katikati ya bahari. Mawimbi yanapiga." Akaukumbatia tena mlingoti. "Ungekuwa wewe."

"Sikuzote nimekuwa mimi hapo," mkewe alisema.

Alifungua kamba, akaanza kumshusha. Mikono ilimwambia aachie kidogo tu, mshindo mmoja, goti moja, ajue. Hakuachia. Alimteremsha pole pole, inchi kwa inchi, macho yakiwa kwake, bila kuzungumza na jirani yeyote, mpaka nyayo zikagusa sitaha. Hivyo ndivyo mtu anavyoshushwa, na yeye hakuwahi kushushwa hivyo hata siku moja.

Nahodha alikuwa ametota jasho. Kishikwambi kilipoelekezwa kwake kwa mazoea, alikisukuma kando. Akamwambia mdogo wake kwamba kesho watavutwa hadi kwenye karakana ya saruji, na kama rafiki atakasirika na akasirike. Kisha akajivua kiti, akakikunja kwa uangalifu kuliko alivyowahi kukunja kitu chochote, akamnyooshea mkewe kwa mikono miwili.

Mama Sindano hakukipokea.

"Kaa nacho," alisema. "Kwangu sasa ni kikubwa, nitapenya nidondoke."