Viduara Sita vya Pasifiki

Eskild Bundgaard alikuwa ameshakata keki vipande vinane, akavipanga kwenye sahani, akavipangua, akavipanga tena. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi. Juu ya meza kubwa ilitandazwa ramani ya dunia, upana wake kama wa mlango, ikionyesha kila nchi inatoa gesi joto kiasi gani kwa kila mtu wake. Saa sita mchana mtambo wa uchapaji ungeanza kuitoa kwa maelfu, na baada ya likizo ingetundikwa katika madarasa ya Denmark nzima. Kabla ya hapo yalibaki mambo mawili tu: Ejnar aisome, na Eskild aitie sahihi.

Ejnar Toft ndiye huyo aliyesikika akipanda ngazi kwa kuhema. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu, aliyepeleka barua za watu wa Odense maisha yake yote, na tangu azaliwe hatofautishi nyekundu na kijani. Ofisi ile ndogo ya ramani ilikuwa na desturi yake. Ramani haitoki mpaka Ejnar aisome bila kusaidiwa, kisha msimamizi wa rangi aandike jina lake kwenye fomu, chini ya sentensi moja: "Nimeiona kwa macho yangu." Msimamizi huyo, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa Eskild. Rangi za ofisi alizibuni yeye: manjano hafifu kwa nchi zinazotoa gesi kidogo, ikikolea taratibu mpaka buluu nzito kwa zinazotoa nyingi, na kijivu hafifu kwa nchi ambazo takwimu zake hazikupatikana. Watu wenye macho kama ya Ejnar walizisoma bila taabu. Eskild alisifiwa mpaka kichwa kikamvimba, na haki yake.

Sasa sikiliza balaa. Tangu Februari rangi ya manjano ilikuwa inamtoroka. Kwanza aliiona siagi imekuwa nyeupe, akadhani mkewe amebadilisha aina. Halafu ua la bustanini, halafu koti la mvua la jirani. Akajua, kwa sababu jambo hilo alishaliona nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alipofika hamsini alipaka mlango wa mtu rangi ambayo hakuagizwa, mtaa mzima ukacheka. Alipofika sitini alikuwa anashikwa mkono kuvuka barabara. Eskild alikuwa na hamsini na moja.

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kila rangi ina namba yake kwenye kompyuta, naye aliishi kwa namba hizo miezi mitatu, akitia sahihi, akitabasamu, akila chakula cha mchana na wenzake. Lakini Jumatatu alitoka kwa daktari wa macho roho ikiwa mkononi, akaketi kumalizia viduara sita vya visiwa vya Pasifiki. Visiwa vyenyewe ni vidogo havionekani, hivyo huwekewa viduara vinavyojazwa rangi kwa mkono, kimoja kimoja. Alivijaza. Usiku wa jana, akiwa kitandani, alikumbuka kwamba hakuangalia namba hata moja. Na kwenye kompyuta kisanduku cha manjano hafifu kimekaa ubavuni mwa kile cha kijivu.

"Keki umeikata kama ya matanga," Ejnar alisema akivua koti. "Kuna aliyekufa?"

"Kaa, mzee. Kahawa hiyo hapo."

"Sauti nayo imekauka. Mkeo kakununia?"

Eskild alicheka kidogo, akafungua fomu. Asubuhi hii alikuwa amefika saa mbili kamili ili aangalie namba, kumbe Vibeke, mkuu wa ofisi, alishapeleka faili kwa wachapaji na kulifunga. Kulifungua upya lazima uombe, na ukiomba utaulizwa kwa nini. Akabaki na hiyo karatasi mezani, na macho yake mwenyewe.

Kazi ilianza. Nani anatoa nyingi kuliko wote? Ejnar akaonyesha, bila kusita. Nani yuko katikati? Akaonyesha. Nionyeshe tano zinazotoa kidogo. Kidole cha mzee kikashuka Afrika: Burundi, Malawi, Rwanda, na mbili nyingine. Eskild aliandika haraka. Kwake yeye nchi zile zilikuwa kitambaa kimoja kilichofuliwa mpaka kikapauka.

"Na zisizo na takwimu?"

Ejnar akagusa moja, mbili, tatu. Kisha kidole kikavuka bahari, kikatua kwenye Pasifiki.

"Na hivi viduara. Kimoja, viwili... sita vyote."

Visiwa vile vilikuwa na takwimu, alizisoma mwenyewe. Mzee akiwa sahihi, basi ramani ina kosa, na kosa ni lake. Mzee akiwa amekosea, anaandika tu kwamba msomaji alichanganya mahali pamoja, jambo la kawaida, na ramani inaenda. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alitazama viduara, akatazama Malawi, akatazama zile nchi tatu. Hakuona tofauti yoyote. Alikuwa na hofu ya kukosea tangu jana, lakini hii ilikuwa hofu nyingine kabisa: hakuwa na namna ya kujua.

"Hebu onyesha tena," alisema.

"Nimeshaonyesha."

"Onyesha tena, Ejnar. Taratibu."

Mzee akaonyesha tena, sita vilevile. Halafu akamtazama mwenzake badala ya ramani.

"Eskild. Hii hapa rangi gani?" Kidole kilikuwa juu ya Burundi.

"Usinifanyie mchezo."

"Rangi gani?"

"Manjano. Inajulikana ni manjano."

"Inajulikana, ndiyo. Unaiona?"

Ejnar akasogeza kikombe pembeni. "Nilipokuwa na miaka ishirini nilitaka kuendesha treni," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye usaili, majibu ya taa nyekundu na kijani niliyakariri kwa kumsikiliza aliyenitangulia. Wakabadilisha mpangilio, nikashindwa. Ningepita, ningeua watu. Mpaka leo hilo huwa linaniamsha."

"Hii ni ramani, si treni. Hafi mtu."

"Basi tia sahihi."

Kalamu ilikuwa mkononi. Alifikiria mshahara, alifikiria kiti chake karibu na dirisha, alifikiria baba yake akitembea na mkono wa mtu mwingine kiwikoni. Angeweza kuandika: msomaji alichanganya viduara. Maneno matatu tu. Nani angemwamini mpeleka barua mwenye macho mabovu mbele ya Eskild Bundgaard? Na aibu ilimshika hapohapo, maana alijua kwamba wangeamini, na kwamba mwezi ujao Vibeke angetafuta msomaji mwingine, na mzee huyu asingekuwa na pa kwenda siku ya Alhamisi.

Mlango ukafunguka. Vibeke Ravn aliingia na simu mkononi, miwani juu ya nywele.

"Wachapaji wananisumbua. Tayari, au mnamaliza keki kwanza?"

"Viduara vya Pasifiki," Eskild alisema.

"Vina nini?"

"Vina rangi gani, Vibeke?"

Aliinama, akashusha miwani. "Kijivu. Si vilitakiwa viwe..." Akamgeukia. "Kwani wewe unaviona vya rangi gani?"

"Sioni." Akaweka kalamu chini. "Tangu Februari manjano siioni, wala kijivu siitambui. Ni ugonjwa wa baba yangu. Daktari amethibitisha Jumatatu. Naogopa, Vibeke. Naogopa sana."

Vibeke aliiweka simu mezani. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. Alikaa, akamsogezea rula na kalamu nyeusi.

"Viduara nitavirekebisha mimi. Lakini hata vikirekebishwa, mtoto mwenye macho kama yako ataona nini darasani?"

"Ataona Malawi hakuna anayejua habari zake," alisema Eskild.

"Basi zisizo na takwimu tutazichora mistari ya mshazari. Wachapaji watanisubiri saa moja. Chora hapa nione itakavyokaa."

Akaweka rula. Na hapo kalamu ikaganda hewani, kwa sababu hakujua achore wapi. Ejnar akanyanyuka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akamshika kifundo cha mkono.

"Shuka kidogo. Kushoto. Hapo, usivuke mpaka. Sasa hii."

Walichora zote, mzee akiongoza, Eskild akifuata. Alipoinua kichwa, ramani ilikuwa imegawanyika mbele yake waziwazi kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi: hapa penye mistari, hapa pasipo mistari. Nchi zenye takwimu zilijitokeza, moja baada ya nyingine, mahali ambapo alikuwa anaona kitu kimoja tu kilichopauka. Alizihesabu, akafika thelathini, akaacha. Hakujua kwamba zimeshampotea nyingi kiasi hicho.

Vibeke aliichukua fomu, akaandika jina lake mwenyewe chini ya ile sentensi. Halafu akabaki ameishika, akitazama kabati la nyuma, zilikopangwa ramani za miezi iliyopita.

"Tangu Februari umetia sahihi ngapi?"

"Saba."

"Na ziko shuleni?"

"Nne ziko shuleni."

"Ziko sawa, Eskild?"

Alifungua mdomo kumjibu ndiyo, kama alivyomjibu miaka kumi na tisa.

"Sijui," alisema.