Unene wa Ukuta

Fimbo ya chuma iliingia kwenye tundu la kutolea maji ukutani, ikaenda, ikaenda. Kapteni Aubin Thiriet alitarajia igonge udongo kwenye mita moja na sentimita arobaini, maana huo ndio unene aliouandika mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Iligonga kwenye mita mbili na kumi. Akaichomoa, akaifuta, akapima tena. Jibu likawa lile lile.

Watu wa hesabu, bwana! Ukuta umesimama, lakini yeye lazima aukague. Alikuwa amelitumikia jeshi la Ufaransa miaka thelathini na miwili bila kuvuka ukapteni, na muda wote huo alikuwa na swali moja: ukuta wa kuzuia kilima uwe mnene kiasi gani usianguke? Jibu lake lilikuwa jembamba kuliko la wakubwa wote, nao walimcheka. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu, ukuta huu ulio juu ya bwawa la kufulia. Kurasa za hoja yake zilikuwa tayari mkobani, zinangoja gari la posta la saa tisa liendalo Paris, kwa wanazuoni.

Mansuy Colin, fundi aliyeujenga, alikuwa amekaa kwenye majani akila mkate na jibini. Hakushangaa hata kidogo.

"Mzee Mansuy, umenifanyia nini?"

"Nilikuongezea mawe, Kapteni."

Alieleza bila haya. Mchoro aliuelewa vizuri. Lakini mkewe Odile alikuwa akifua pale chini kila Jumatatu, na Kapteni alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Basi akabomoa zizi lake bovu, akayapanga mawe yake upande wa kilima, mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Iliuma. Miaka kumi na mmoja Kapteni alikuwa akijivunia zizi la mwenzake.

"Ficha fimbo yako," Mansuy akamwambia taratibu. "Tunajua wawili tu, na mmoja ana miaka sabini na tisa."

Kapteni akailaza fimbo majanini. Kisha akainama ukingoni, akamwuliza Odile, aliyekuwa pale chini akipiga shuka kwenye jiwe: kama ukuta huu ungekuwa mwembamba, kama alivyouandika yeye, angefua hapo?

Odile hakuinua kichwa. "Wewe ungefua?"

Kapteni akafungua mkoba, akatoa ukurasa wa mwisho, akaupiga mstari kuanzia juu hadi chini. Darajani likasikika baragumu la gari la posta. Akaketi kando ya fundi, akafungua daftari mahali peupe.

"Hizi sentimita sabini ulizipataje?"

"Niliongeza mpaka nikaona sasa naweza kulala."

"Hilo sijui kuliandika, fundi. Nianzishie kwenye jiwe la kwanza."

Mansuy akalikata jibini vipande viwili, akampa kikubwa, akaanza kueleza. Gari lilikuwa limeshavuka mto.