Uzi Mwekundu Ndani ya Ukosi

"Shangazi, usikasirike," alianza binti wa kaka yangu, na hapo hapo nikajua sababu ya kukasirika ipo. "Yule kijana mwenzangu, mchumba, anakuja kututembelea Jumapili. Nimemwambia wewe ni mfanyakazi wetu wa nyumbani."

Nilikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana sikumjibu upesi. Nilizitema kwenye kiganja moja moja.

"Na wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba. Kwetu ni matajiri. Hapa tumejishikiza tu, nyumba kubwa inapakwa rangi."

Roho iliniuma, nisiseme uongo. Huyu mtoto nimemlea tangu hajaota meno. Tunafanya kazi ukumbi mmoja wa maigizo: mimi nashona na kutunza mavazi, yeye anaigiza. Msimu ule tulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa kizamani, wa bibi tajiri anayewakataa wachumba wote na kijakazi anayewapokea kwa niaba yake, mpaka mmoja anampenda kijakazi. Binti yangu ndiye kijakazi. Kila onyesho anabeba sinia na kuitikia "ndiyo bibi" mpaka watu wanashika mbavu. Kumbe alikuwa amechoka kuitikia, akaona mimi nimshikie zamu.

Nilikubali. Sikukubali kwa upole, maana mimi sina upole. Huyo mwenzake nilikuwa nikimchungulia kutoka dirisha la chumba cha mavazi, akimsubiri getini kila Jumapili, kila mara na suti nyingine. Moja mikono imemzidi, nyingine inambana kwapani. Kwa suti zote hizo alijionyesha tajiri, lakini tajiri gani hana fundi wa kumpima? Machale yalinicheza. Nilisema huyu ana mke mahali, au ni tapeli, au vyote viwili. Na mfanyakazi wa nyumbani hupita karibu na mgeni, humpokea koti, humtazama viatu, wala hakuna anayemwuliza anatafuta nini.

Siku hizo nilikuwa namshuku kila mtu, hata dobi wetu. Nguo chafu sizikagui, nazifunga furushi Jumatatu nazipeleka, nazikagua zikirudi. Basi gauni la zambarau, lile la bibi tajiri, lilikuwa linarudi upindo wake umeshonwa upya kwa mishono midogo kuliko yangu. Nani kamtuma? Nilimfokea yule mzee wa dobi palepale mezani kwake, nikamwambia nyuma ya pazia lake, wanakopigia pasi, kuna mtu anaitamani kazi yangu. Mzee akacheka tu.

Jumapili ilipofika nikajifunga aproni. Binti akatoka chumbani amevaa gauni la zambarau.

Nilipigwa na butwaa. "Hilo limetoka lini ukumbini?"

"Shangazi, tafadhali. Anagonga!"

Kwa hiyo ndivyo lilivyokuwa linafumuka upindo, kwa kuburutwa barabarani kila Jumapili, wakati mimi dirishani macho yangu yote yako kwenye suti za kijana. Nikafungua mlango huku nimevimba.

Kijana aliingia, akasalimia kwa sauti ya chini, akanitazama kidogo zaidi ya inavyotakiwa kumtazama mfanyakazi. Hilo nalo nikaliweka akilini. Alinipa koti kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka, na kwenye kifundo cha mkono alikuwa na kovu la kuungua, limenyooka kama limepigwa kwa rula.

Nilikwenda na koti jikoni, nikaligeuza ndani nje. Dobi wetu humtilia kila mteja alama yake kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi, nguo zisichanganyike. Zetu za ukumbini zina pembetatu. Hapa palikuwa na msalaba na nukta mbili, na alama hiyo naijua kama jina langu: ni ya mwongozaji wetu, ambaye suti zake nazipeleka mimi mwenyewe pamoja na furushi letu.

Kwanza nilisema mwizi. Halafu nikakumbuka vile vidole na lile kovu. La, huyu si mwizi. Huyu ndiye mtu wa nyuma ya pazia, anayepiga pasi.

Nilifurahi, tena furaha mbaya. Mwanangu kanigeuza mtumishi kwa ajili ya mpiga pasi aliyevaa koti la bosi wangu! Nikapanga sinia la chai, nikatundika koti mkononi, ukosi umegeuzwa juu uonekane vizuri, nikaingia sebuleni. Nilitaka aone aibu, na binti aone aibu, na mimi niione yao.

"Samahani, bwana," nikasema. "Koti zuri hili. Ulishonewa wapi?"

Akautazama ukosi. Akanitazama mimi. Nilingoja aanze kubabaika.

Akasimama, akanipokea sinia, akaliweka mezani.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Sikushonewa. Nililipiga pasi tu."

Binti akatoa macho. "Shangazi? Nani kakwambia ni shangazi?"

"Kila Jumatatu namsikia nikiwa nyuma ya pazia. Akimaliza kugombana na mzee, anamsimulia habari za binti wa kaka yake anayecheza kijakazi, kwamba ukumbi mzima hakuna anayemfikia." Akanigeukia. "Nisamehe kwa kuchelewa kukuamkia. Niliogopa kumwaibisha mwenzangu nyumbani kwake."

"Kwa hiyo ulijua," binti akasema.

"Tangu Jumapili ya kwanza. Hiyo pembetatu kwenye gauni lako niliishona mimi. Nikaona upindo unafumuka, nikawa naushona kabla halijarudi, usije ukakamatwa."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimevaa koti la watu. Ningeanzia wapi?"

Nilisimama na koti la bosi mkononi nikimtazama binti. Shikamoo nilikuwa nimeshaipata, lakini kwa mgeni. Sikuitaka kwa mgeni.

Binti aliinua macho, akayashusha. Kisha akaja nyuma yangu, akaifungua aproni kiunoni mwangu, akajifunga yeye juu ya lile gauni la zambarau. Akanivutia kiti. Jukwaani humimina chai bila kutazama kikombe. Siku ile alikikodolea macho kikombe, na bado akamwaga nusu kwenye sahani.

"Huyu ni shangazi yangu," akamwambia yule kijana. "Ndiye aliyenilea."

Kijana alikuwa anayajua hayo kitambo, lakini aliitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia. Mimi nilikunywa ile chai yote, na iliyomwagika kwenye sahani nikainywa pia.