Bingiri Haili Dhahabu

Winfred anasema mashine ya Dama ilikohoa kwanza. Mara mbili, kama mzee aliyepaliwa na ugali, halafu ikameza. Yeye alikuwa pale pale, kibanda chake cha mahamri kimeegemeana mgongo na cha Dama, mwiko mkononi, na macho yake, anasema, hayajaanza kuona ukungu. Dhahabu iliingia ikiwa dhahabu. Ilitoka nyekundu kama waya wa stima uliovuliwa ganda. "Imeinyonya," aliwaambia wanywaji chai wa stendi ya Garsen. "Kama unavyonyonya embe ukabaki na kokwa." Hiyo ilikuwa Jumanne. Kufikia Jumatano asubuhi mashine ilikuwa imetoa moshi pia. Kufikia adhuhuri ilikuwa imecheka.

Dama aliyasikia yote kupitia bati linalotenganisha vibanda, mguu wake ukiwa kazini. Hakutoka kubishana. Mtu hawezi kukanyaga sawasawa huku anagombana, na alikuwa na ndoana sitini za herini za akina mama wa Hola wanaotunga ushanga. Lakini Jumatano hiyo hiyo wakapiga simu hao wa Hola, wakataka ndoana zao zirudi kama zilivyo. Mteja mwingine alikuja mwenyewe, akachukua pete yake ya fedha kwenye rafu bila salamu, akaikagua juani pande zote, akaenda zake.

Mashine yenyewe haikuwa na koo la kukoholea. Ilikuwa mtungi wa plastiki uliowahi kuwekewa achari, umevikwa ndani mpira wa tyubu ya lori, umelazwa juu ya vyuma viwili vinavyozunguka. Chini yake ilisimama miguu ya cherehani kuukuu. Ukikanyaga, mkanda unavuta chuma, chuma kinazungusha mtungi, na vitu vilivyomo ndani vinapanda na kuporomoka, vinapanda na kuporomoka, vikisuguana hadi ving'ae. Watu wa stendi ndio walioiita Bingiri.

Wazo lilimjia miaka sita nyuma, alipokuwa akiwauzia mayai ya kuchemsha wajenzi wa barabara. Mtu aliangusha nati yenye kutu ndani ya mashine ya kukorogea zege. Jioni, mtungi ulipooshwa, ikaanguka chini inameta kama jino jipya. Mafundi walikuwa wanaangalia saa zao. Dama aliiokota ile nati, akaigeuzageuza mpaka mayai yakapoa. Alipomweleza Changawa, mchomeleaji, Changawa alicheka wiki nzima. Wiki ya pili akawasha moto, akaanza kuiunda.

Tangu hapo amejifunza kila kitu kina chakula chake. Vikuku vya shaba vya akina mama wa Kiorma huwekewa kokwa za mikoma zilizopondwa, na maji ya ukwaju. Fedha hutaka jivu lililochekechwa mara tatu. Dhahabu huwekewa kumvi za mpunga na povu la sabuni tu, maana dhahabu ni laini, haitaki ugomvi. Cheni haiingii, itajifunga fundo. Vipande vidogo vidogo tu: vishikizo, pete, vipuli, ndoana. Na mguu haukimbii. Ukikimbia, vitu vinagandamana ukutani mwa mtungi wala havisuguani. Watu wengi waliojaribu kumsaidia walishindwa hapo. Walikuwa na nguvu, subira hawakuwa nayo.

Jumanne ile alikuja Bi Mwanasha kutoka Kipini, shangazi yake Nuriya anayeolewa Ijumaa. Kidani kilikuwa kimetoka kwa upande wa bwana harusi, vipande ishirini na kimoja vyenye umbo la mbegu ya boga, vinaning'inia kwenye cheni. Saba vilikuwa vimefifia kwa manukato. Bi Mwanasha akavifungua hivyo saba, akaviacha, akaenda kununua vitambaa.

Nusu saa haijaisha, Dama akasikia. Dhahabu ikiangukia dhahabu huongea kwa sauti nzito, kama mtu aliyefunika mdomo kwa leso. Hivi vilikuwa vinapayuka. Akanyanyua mguu, akatoa kipande kimoja, akakisuuza. Ukingoni palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu. Akapiga simu.

"Bi Mwanasha, kimoja kimeonyesha wekundu pembeni. Nisimame?"

"Wekundu gani, mwanangu? Manukato yameganda hayo. Endelea mpaka king'ae."

Akaendelea. Vyote saba vikang'aa, vikang'aa kweli kweli, na vyote saba vilikuwa shaba. Bi Mwanasha alivitazama kwenye kiganja cha Dama kwa muda ambao mtu anaweza kusoma barua fupi. Akavifunga pembeni mwa mtandio, akaondoka bila neno. Winfred, aliyekuwa amechungulia kwa juu ya bati, akalipata neno.

Jumatano alasiri alikuja Mzee Faki, mfanyabiashara, ami yake bwana harusi. Ndiye aliyekinunua kidani na ndiye aliyekipeleka kwa kina Nuriya kwa mkono wake. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo ingekata kamba. Alikataa kigoda, kisha akakikubali.

"Mwanangu Dama," akaanza, taratibu, "vitu vya kutengenezwa na binadamu huharibika. Hata pikipiki huharibika. Kesho nakuja na wenzetu wa upande wa bibi harusi. Wewe sema tu, mashine ilipata moto, ikaichoma dhahabu. Basi. Hakuna wa kukushtaki. Na mwezi hauishi, nakuletea mashine ya umeme, ile ya dukani. Mguu wako upumzike."

Dama aliwahi kuiona mashine kama hiyo kwenye simu ya Changawa. Ina mtungi mdogo mwekundu, unabonyeza kitufe unakwenda kupika. Aliitamani. Hatuwezi kusema hakuitamani. Goti lake la kulia huvimba siku za mvua.

"Nikishasema nimechoma dhahabu ya watu," akauliza, "hiyo ya umeme nani ataniletea kitu cha kuweka ndani?"

Mzee Faki akacheka kidogo. "Umesoma mpaka wapi, mwanangu?"

"Darasa la nane."

"Basi mambo ya posa na heshima za watu ni mazito kwako."

"Ndiyo, Mzee. Lakini shaba naijua."

Kicheko kikakatika. Mzee Faki akafuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Kuna harusi Ijumaa. Watu wameshaalikwa mpaka Chara. Utaivunja kwa mguu wako huo?"

Dama aliutazama mguu wake, kandambili imelika upande mmoja. Watu wakishaamini Bingiri inakula, hawatamletea hata kifungo cha shati. Atarudi kwao Idsowe kulima mpunga wa baba yake, na kila akipita stendi wataonyeshana, ndiye yule. Alijua hivyo kama anavyojua uzito wa mtungi.

"Njoo na wenyewe," akasema. "Nitasema mbele yao."

Mzee Faki akainuka ameridhika. Aliyasikia maneno aliyoyataka.

Alhamisi saa nne walifika, Mzee Faki mbele, Bi Mwanasha na Nuriya nyuma. Nuriya alikuwa na hina mpya mikononi, anaibeba mikono yake mbele yake kama mtu aliyebeba vikombe. Habari za stendi zina miguu kuliko watu: akina mama wa soko walikuwa wameshafika na vikapu vyao, Changawa alikuja na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, na Winfred aliyaacha mahamri kwenye mafuta mpaka yakawa makaa.

"Haya, mwanangu," Mzee Faki akasema kwa sauti ya watu kusikia. "Waambie ulivyoniambia."

"Mimi sikukuambia kitu, Mzee. Nilikuambia uje."

Akasimama. Akaweka mkono juu ya mtungi.

"Mashine yangu haili dhahabu. Haikohoi, haicheki, haitoi moshi. Mwenye dhahabu hapa aitoe, niitie ndani nyote mkiona. Ikitoka nyekundu, Changawa aikatekate Bingiri leo hii, nami nirudi nyumbani kulima."

Hakuna aliyejongea. Kuku alipita katikati ya watu.

"Dada Winfred," Dama akasema. "Wewe uliiona ikimeza. Lete pete yako."

Winfred akaangalia kidole chake. "Hii? Hii haitoki. Nimenenepa tangu ndoa."

"Juzi ukikanda unga ilikuwa kwa mfuko wa aproni," Changawa akasema. "Niliiona nikichukua mahamri."

"Wewe Changawa, choma vyuma vyako huko! Nani amekuita?"

Watu wakaangua kicheko. Dama hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono. Winfred alikuwa amekunja ngumi, na juu ya ngumi ameweka kiganja cha pili. Pete ile alivishwa na mumewe miaka kumi na miwili iliyopita mbele ya pasta, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuiuliza swali. Mama mmoja mbele alivuta leso mpaka ikafunika masikio. Mwingine akakumbuka ameacha chungu motoni. Ghafla kila mwanamke mwenye kitu cha kumeta alikuwa na sababu.

"Mnaona?" Mzee Faki akasema, akafungua mikono. "Hata jirani zake hawaiamini. Bi Mwanasha, tusipoteze wakati. Mtoto ameharibu, tumsamehe, tumalize."

"Usinisamehe," Dama akasema. "Sijakosa."

"Hana adabu huyu!" mtu akasema nyuma.

"Alinipigia."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanasha, ya chini, watu wakalazimika kunyamaza ili waipate.

"Alinipigia simu mtoto huyu siku ile. Akanambia, Bi Mwanasha, inageuka nyekundu, nisimame? Nikamwambia aendelee. Tangu Jumanne namwacha asemwe, nami nanyamaza kwa kuona haya. Nshachoka."

Nuriya akageuka kumtazama shangazi yake. Akaingiza mkono ndani ya mkoba, hina au si hina, akatoa kitambaa cha hariri, na ndani ya kitambaa cheni yenye vipande vilivyobaki, kumi na vinne. Akaanza kuvifungua. Vishikizo vilikuwa vidogo, kucha zikashindwa, akatumia meno.

"Nuriya," Mzee Faki akasema. "Mwanangu. Mambo haya si ya stendi."

"Nimepewa mimi, Ami, au sikupewa?"

Mzee Faki akawatazama watu wote wale, akarudi nyuma hatua moja.

Kimoja baada ya kingine, Nuriya aliviweka kwenye kiganja cha Dama. Cha kumi na nne kilipoingia, akapeleka mkono kwenye sikio la kushoto, akavua kipuli kidogo, kikongwe, kilichopinda kidogo.

"Na hiki cha bibi yangu. Hiki nakijua. Kitie humo humo pamoja navyo."

"Una hakika, dada?" Dama akauliza. "Ukishakitia, huwezi tena kutojua."

"Tia."

Dama akatia. Akamimina kumvi viganja vitatu, maji, povu la sabuni, akakaza kifuniko mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Akaulaza mtungi juu ya vyuma vyake, akaketi, akavua kandambili, akaweka mguu mtupu juu ya kikanyagio cha cherehani.

Mtungi ukaanza. Mwanzoni polepole, kama ng'ombe anayeamka, kisha ukapata mwendo wake, na Dama akauacha papo hapo, wala zaidi wala pungufu. Changawa akaenda kushusha sauti ya redio yake kule karakana ingawa hakuna aliyemwomba. Winfred alikuwa amesogea mpaka kwenye mlango wa kibanda, ngumi yake bado imefungwa, mdomo kwa mara ya kwanza wiki hiyo umefungwa pia. Nuriya aliketi juu ya kreti ya soda, sikio lake moja tupu, anautazama mtungi kama watu wanavyomtazama daktari anayesoma karatasi.

Mzee Faki alisimama kwa muda, anapangusa paji la uso. Aliangalia barabarani, aliangalia saa. Mara akachuchumaa. Mtu mzima, kanzu yake safi ikagusa vumbi lenye mafuta na maganda ya miwa, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na goti la Dama, ili wengine wasisikie.

"Huenda hata mimi niliuziwa," akanong'ona. "Wallahi, sijui. Nilikinunua kwa mtu ninayemwamini, sikukipima. Niache nikazungumze nao nyumbani, faragha. Nitasema mwenyewe. Niache niseme mwenyewe."

Mguu ukashuka, ukapanda.

"Dama. Inua mguu, mwanangu. Nakuomba."

Nyuma yake, mmoja mmoja, akina mama wa soko walikuwa wanashusha vikapu vyao chini na kutandika leso za kukalia.