Hakuna wa Kumpisha

Wietske Hoogsma alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye chuma cha kiatu chake cha kutelezea barafuni, akaona kimeukwangua kidogo, akaridhika. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akinoa vyuma vyake mwenyewe, kwa jiwe la baba yake, na hakuwahi kumruhusu mtu kuvigusa, hata kocha.

Nafasi za kwenda Olimpiki zilikuwa tatu. Mbili zilikwisha kuchukuliwa na mabinti waliokuwa chekechea wakati yeye anavaa medali yake ya kwanza kule Calgary. Ya tatu ilishikiliwa na muda wa mpinzani mwingine, sekunde thelathini na saba nukta tisa mbili. Akishuka chini ya hapo, anakwenda. Asiposhuka, vyuma atavitundika ukutani, maana miaka thelathini na mitatu kwa mkimbiaji wa mita mia tano ni uzee, tusidanganyane.

Sjoerd, kocha wake, akaja mbio.

"Marrit wa jozi yako kajitoa! Nyonga imembana. Unakimbia peke yako."

"Peke yangu?"

"Njia ya ndani, kama ilivyopangwa. Ukifika pa kubadilishana njia, hakuna wa kumpisha. Zawadi hiyo, dada!"

Katika mbio hizo wawili hubadilishana njia upande wa pili wa uwanja, na anayetoka ndani kwenda nje ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake. Hakuna mtoto wa Friesland, jimbo lao la Uholanzi, asiyelijua hilo. Lakini Januari moja kule Inzell, miaka minne nyuma, Wietske alidhani atawahi. Hakuwahi. Waligongana, na Jorinde Wiersinga, aliyelala naye chumba kimoja jana yake, akarushwa hadi ukutani, mguu ukavunjika sehemu mbili. Waamuzi walimfuta Wietske kwenye matokeo. Yeye alipeleka maua hospitali, na kadi yenye neno moja: pole. Ikaishia hapo.

Jorinde hakushindana tena. Sasa ndiye aliyeendesha mashine ya kulainishia barafu hapo hapo kwenye uwanja wa Heerenveen. Kila asubuhi walitaniana, wakasemezana habari za upepo na baridi. Ya Inzell hakuna aliyeyagusa. Ndivyo walivyo watu wa huko, ya moyoni huyameza pamoja na supu ya njegere.

"Nimekulainishia, bikizee," Jorinde alimwambia siku hiyo, akishuka kwenye mashine na kuchechemea. "Ukishindwa usiisingizie barafu."

"Nitamsingizia dereva."

Bastola ikalia. Wietske aliondoka vizuri kuliko alivyowahi kuondoka kwa miaka miwili, na mita mia za kwanza Sjoerd alikuwa tayari anapiga kelele kama mwendawazimu. Akaikata kona ameinama, mkono wa kushoto mgongoni. Akatokea upande wa pili, uwanja wote ni wake.

Hapo kichwa kikainuka. Kikageuka kulia.

Njia ya nje ilikuwa tupu. Alijua ni tupu. Hata hivyo kifua kilipanda, upepo ukamgonga, mguu ukasita, naye akangoja apite mtu asiyekuwepo. Kisha akainama tena, akamaliza kwa nguvu zote alizobaki nazo.

Thelathini na saba nukta tisa tano.

Sjoerd alibwaga kofia chini. "Ulikuwa unampisha nani? Nani, Wietske? Njia nzima yako!"

Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawasemi nyoka naye anashtukaje.

Aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akaviweka kando. Jorinde akaja, akakaa polepole, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Nimeona," alisema.

Wietske alitazama sakafu.

"Umeangalia kulia, we mjinga. Ulikuwa unamwangalia nani?"

"Wewe."

Spika iliita jozi iliyofuata. Jorinde hakusogea.

"Kila mara," Wietske alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya watu. "Miaka minne, Jorinde. Kila nikifika pale nakuona unakuja. Nisamehe. Nilikuona siku ile. Nilikuona, nikaona nitawahi."

"Najua uliniona. Macho yetu yalikutana."

"Hukusema kwa waamuzi."

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Jorinde alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Umechelewa. Na kwa mwendo ule wa leo, ningekupita tu."

Wietske alicheka huku anadondosha machozi. Viatu vilikuwa kati yao, vyuma vimeanza kulowa maji, na chuma chenye maji hushika kutu upesi. Jorinde akatoa kitambaa mfukoni, akachukua kiatu kimoja, akaanza kukifuta taratibu kutoka kisigino hadi ncha.

Wietske akamsogezea na cha pili.